Ghorofa ya Sita

Lifti iliharibika Jumanne. Alhamisi
Bi Fortunée akarudi kutoka hospitali
na mshono mpya ubavuni, mfuko wa dawa mkononi,
akasimama chini ya ngazi akizitazama
kama mtu anayetazama deni.

Ilikuwa Marseille, Februari, upepo wa kaskazini
ukipiga mluzi kwenye visanduku vya barua.
Nilikuwa na miaka tisa na kazi moja:
kutangulia, ghorofa kwa ghorofa, kubonyeza kitufe,
maana taa za jengo letu zilikuwa bahili,
dakika moja na nusu, kisha kiza.

Mama yangu, Zoulikha, alimshika kiwiko cha kulia.
Cha kushoto alikishika Bi Araxie wa ghorofa ya pili,
Mwarmenia, fundi cherehani, ambaye msalaba wake
tangu mwanawe Hagop agongwe na lori
aliuvaa ukining'inia mgongoni.

"Siku arobaini," Fortunée akasema, akihema,
"umekaa na ufunguo wangu. Ulifungua kabati?"
"La."
"Hata droo?"
"Niliumwagilia mrehani wako. Nilifuta vumbi
la vinara vyako vya Ijumaa. Sikuviwasha,
si ibada yangu. Lakini sikuviacha vichakae."

Mama hakusoma. Alijua tu, kwa sikio,
kwamba imani na amana ni ndugu wa tumbo moja,
na kwamba mtu hupimwa kwa kile alichoachiwa
mlango ukiwa umefungwa.

Ghorofa ya tatu. Nabonyeza. Mwanga.

"Sisi Wayahudi twasema *emuna*," akaanza Fortunée.
"Watoto hudhani ni kujua kwamba Yuko.
Babu yangu kule Constantine alikuwa mshona viatu,
uzeeni mkono ukamtetemeka.
Bibi alikuwa akimshika kifundo, hivi,
mpaka msumari wa mwisho uingie.
Babu alisema: ndiyo hii.
Mkono uliochoka, na mwingine chini yake."
Kisha akaona haya kwa kusema mengi,
akaomba maji, na maji hatukuwa nayo.

Mama akakosea, akamgeukia Araxie: "Na ninyi?"

"Usiniulize. Mwaka wa tatu huu sisali.
Naenda kanisani, nakaa nyuma,
natoka kabla ya sadaka.
Nikimwita, namwita nimgombeze."

Mama alifungua kinywa, akakifunga.
Fortunée alicheka, akaushika mshono wake:
"Basi ukimpata, mtajie na lifti."

Kitufe cha ghorofa ya nne kilikufa tangu Krismasi.
Nilijua. Nilikibonyeza hivyo hivyo, mara sita,
nikalia kimya kimya,
askari aliyeishiwa na risasi.
Chini yangu hawakusimama.
Nikasikia slipa, kiatu, slipa,
kiganja kikiburuzika ukutani,
na mtu akinong'ona neno, sijui nani,
sijui kwa lugha gani,
maana mtu akihema hana kabila.
Nilitega sikio nisikie Araxie akiachia.
Sikusikia.

Nimesoma tangu hapo. Nimekaa na masheikh, na marabi,
na padri mmoja mpole wa Lyon
aliyenichorea neno hili kwa Kigiriki juu ya kitambaa cha meza.
Maana zao ninazo. Sizikatai.
Ila nikiulizwa ghafla, miguu hujibu kwanza:
vidato ishirini na kimoja bila taa,
kisha juu kabisa, mbele ya mlango,
mama akiutoa ufunguo kifuani,
na chuma kikigusa chuma, taratibu,
kikitafuta tundu.